Jina Ambalo Enesi Hakulitaja

Tunduma,
8 Septemba 2012

Mdogo wangu Enesi,

Nakusalimu. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo hukataa kukunjuka asubuhi. Kaburi la wifi yako nimelisakafia mwezi uliopita. Kazi si nzuri; fundi alikuwa na haraka, nami nilimwambia hivyo mbele ya wasaidizi wake.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Sunday dereva, yule anayepakia chumvi huko kwenu, ameniambia mbele ya watu kwamba wewe, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, unakwenda kila Alhamisi kwenye ghala la ushirika kufundishwa kompyuta na intaneti. Alicheka. Mimi sikucheka.

Nimeuliza habari za mwalimu wenu. Ni Fauzia, binti wa Uledi mwenye malori. Baba yake namfahamu. Hapa Tunduma hakuna lori lake linalokwenda mahali popote bila mzigo wa kurudi nao. Basi jiulize: binti wa mtu huyo amefuata nini Ivuna, katika vumbi lote lile, kwa wazee tisa? Atarudi na nini?

Nijibu waziwazi. Je, mmepigwa picha? Je, mmetia dole gumba kwenye karatasi yoyote? Je, ameuliza habari za shamba la marehemu mume wako? Nilikufundisha kusoma kabla hujaolewa ili mtu asije akakudanganya. Usiniaibishe uzeeni.

Kaka yako,
Nikodemo


Ivuna,
4 Oktoba 2012

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa goti. Paka ile dawa ya mti niliyokupa mwaka jana, najua hukuipaka. Hapa jua ni kali na chumvi ni nzuri, kwa hiyo mikono yetu imepasuka kama kawaida. Tabita, jirani yangu, anakusalimu.

Picha tumepigwa, moja, wote pamoja, na kila mmoja amepewa yake. Dole gumba hatujatia. Shamba hajaliuliza. Mimi pia nilikwenda kwa kushuku, Kaka. Siku ya kwanza niliketi karibu na mlango, kanga nikiwa nimeifunga vizuri, tayari kutoka.

Kuna kompyuta mbili zinazokunjwa kama kitabu, na umeme unatoka kwenye sola iliyo juu ya bati. Kwa sababu chumvi hula chuma, Fauzia ameweka beseni mlangoni, na hakuna anayegusa kitu kabla ya kunawa. Mzee Kalisti alinawa, akajifuta, akaketi, akatazama huku na huku. Akasema, "Binti, tumenawa kama watu wa pilau. Mbona sahani haziji?" Tulicheka hadi Bibi Stamili akatoka nje.

Unauliza Fauzia atarudi na nini. Nilimuuliza hivyohivyo. Akanijibu, "Bibi, nikipata mmoja wenu anayeweza kuandika bila mimi kusimama nyuma yake, nimeshapakia." Jibu hilo sikulimeza lote. Watu wa Tunduma wanajua kujibu.

Lakini naendelea kwenda. Nyumba yangu ina vyumba vitatu na mtu mmoja. Alhamisi nasikia watu wakibishana.

Mdogo wako,
Enesi


Tunduma,
10 Novemba 2012

Mdogo wangu Enesi,

Nakusalimu. Barua yako imenifikia, ikiwa na chumvi kwenye mikunjo. Goti linaendelea vivyo hivyo. Nimemwacha yule mpangaji wa chumba cha uani aondoke. Alikuwa akiongea na simu kwa sauti kubwa.

Majibu yako hayakuniridhisha. Sunday anasema sasa kila mmoja wenu amepewa sanduku la barua ndani ya mashine, na kwamba barua huingia humo bila posta na bila mtu kuzipokea. Sanduku la namna hiyo linafungwa na nani? Ufunguo anao nani?

Kwa miaka zaidi ya thelathini, barua za ukoo wetu zimekuja kupitia sanduku langu la posta. Ufunguo wake nauvaa shingoni. Kila mtu katika ukoo huu anajua kwamba barua yake ikifika kwangu, imefika mahali salama. Sasa mnapewa masanduku na mtu wa kuja, naye bila shaka ndiye anayezisoma barua zenu wa kwanza.

Niandikie anwani yako kamili ya hilo sanduku, na utaratibu wote mliopewa, ili nipate kuuchunguza.

Kaka yako,
Nikodemo


Ivuna,
13 Desemba 2012

Kaka yangu,

Shikamoo. Mvua zimeanza, Sunday anasema hii huenda ikawa safari yake ya mwisho hadi barabara ikauke. Ndiyo maana naandika kwa haraka. Mbuzi wa Tabita amezaa mapacha.

Umeuliza kuhusu ufunguo. Hakuna ufunguo wa chuma. Kuna neno la siri, unaliandika kwa vidole, na kwenye kioo vinatokea vinukta tu, hata aliye karibu nawe hawezi kulisoma. Fauzia alituambia, "Chagueni neno ambalo hamtalitamka mbele ya mtu yeyote." Sisi wanawake tukatazamana. Stamili akasema, "Hilo tunalo tangu siku ya harusi." Kila aliyeolewa analo, Kaka. Unajua ninachosema. Nimeishi katika ukoo huu miaka arobaini na mitatu na midomo yangu haijalitoa. Vidole vimeliandika, lakini vidole havikukatazwa. Kwa hiyo usiwe na hofu, sanduku langu limefungwa vizuri kuliko lako. Anwani nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Sasa jambo ambalo limenitoa usingizi. Fauzia alimwambia kila mmoja amtaje mtu aliyempotea, ili amtafute katika ule mtandao ambamo watu huweka picha zao. Wengine walitaja. Mimi nilinyamaza Alhamisi mbili. Ya tatu nikamtaja Lusungu.

Kaka, mwanangu yupo. Nimemwona. Yuko Mpika, huko Zambia, amesimama mbele ya gereji ya malori, na tumbo limemtoka kama la baba yake. Ni miaka tisa tangu aondoke bila kuniaga. Wewe ndiye uliyemwona wa mwisho pale mpakani, na kila nikikuuliza alisema nini, umeniambia hakusema kitu.

Nimemwandikia. Mistari mitatu tu, na anwani ya sanduku langu. Fauzia hakusimama nyuma yangu. Nasubiri.

Mdogo wako,
Enesi


Tunduma,
19 Januari 2013

Mdogo wangu Enesi,

Nakusalimu. Barua yako nimeipata. Sijui hii itakufikia lini. Nimempa mtu anayejaribu njia ya Mbozi.

Mvua ni nyingi huku. Angalia paa la jikoni, upande wa kusini. Bati zile zilipigwa misumari na mlevi.

Mambo mengine uliyoyaandika hayahitaji haraka. Mtu aliyenyamaza miaka tisa ana sababu zake. Usimfukuzie.

Kaka yako,
Nikodemo


Ivuna,
11 Aprili 2013

Kaka,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Paa la jikoni lilivuja, upande wa kaskazini.

Barabara ilipoanza kufungwa na mvua, Fauzia alizichukua kompyuta zote mbili akarudi nazo Tunduma, zisipate unyevu. Ghala lilikaa na kufuli tangu tarehe saba Januari hadi wiki iliyopita. Miezi mitatu sikugusa kitu. Alhamisi iliyopita tumefungua tena. Nikanawa, nikaketi, nikaandika neno langu.

Barua ya Lusungu ilikuwemo, ya tarehe tano Februari. Fauzia alitufundisha kwamba barua isiyosomwa huonekana kwa maandishi manene. Hii ilikuwa nyembamba. Ilikuwa imeshasomwa, Kaka. Nilimwita Fauzia, akatazama, akaniuliza, "Bibi, uliifungua wapi?" Kisha akanionyesha mahali ambapo mashine huweka zile ulizozituma. Palikuwa na moja ya tarehe tisa Februari. Nimeinakili:

"Mwanangu, salamu zako nimezipata. Mimi ni mzima. Usifunge safari. Nimezoea kuishi hivi nilivyo. Mama yako."

Sikuyaandika maneno hayo. Tarehe tisa Februari nilikuwa nimeketi jikoni nikikinga maji kwa sufuria.

Aliyoyaandika Lusungu sitayarudia hapa. Nataka uniambie unavyofikiri, wewe uliye msomi. Nani ameingia sandukuni kwangu akazungumza kwa kinywa changu?

Enesi


Tunduma,
25 Aprili 2013

Mdogo wangu Enesi,

Nakusalimu. Nimeisoma barua yako kwa masikitiko, lakini si kwa mshangao. Nilikuonya Septemba, nikakuonya Novemba.

Jibu unalo mwenyewe katika barua yako. Mashine zilikuwa Tunduma. Fauzia alikuwa Tunduma. Yeye ndiye aliyekutengenezea sanduku hilo, na aliyetengeneza mlango hashindwi kuufungua. Kwa nini alifanya hivyo? Hilo sijui, pengine anataka muendelee kumhitaji. Mwanao akija, utaenda tena ghalani?

Ushauri wangu ni huu. Acha darasa. Mwambie akufungie hilo sanduku moja kwa moja. Ukitaka kumwandikia Lusungu, niandikie mimi, nami nitaipeleka barua yako posta kwa mkono wangu.

Hukuniambia Lusungu ameandika nini. Nadhani ingekuwa vyema nikijua, ili nikushauri ipasavyo.

Kaka yako,
Nikodemo


Ivuna,
16 Mei 2013

Kaka Nikodemo,

Shikamoo. Habari za nyumbani ni njema na sitaziongeza.

Nilifuata neno lako. Nilimwendea Fauzia mbele ya wenzangu wote nikamwambia, "Kaka yangu anasema ni wewe." Hakulia wala hakugomba. Akauliza, "Bibi, neno lako la siri nani analijua?" Nikasema hakuna. Akasema, "Si lazima uwe umelitaja. Nani angeweza kulikisia?" Ndipo Mzee Kalisti akacheka huko nyuma. "Mbona rahisi! Wanawake hawa wote wameandika majina ya wakwe zao, yale wanayokatazwa kuyatamka. Mimi hapa naweza kuyafungua masanduku ya Stamili na Tabita kabla chai haijachemka." Fauzia akajishika kichwa. Siku ile ilikwenda yote kwa kubadilisha maneno. Stamili alimtukana Kalisti mpaka jioni.

Lakini Kalisti hakulitaja sanduku langu, nami nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Jina la mkwe wako silijui. Sisi sote tulimwita Katekista." Ni kweli. Hapa Ivuna kila mtu alimwita Katekista, hata kaburini wameandika Katekista. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa katika barua ya posa tu, mwaka 1969. Barua ile ilisomwa na watu wawili, Baba na wewe. Baba hayupo. Wewe ndiye uliyeijibu kwa niaba yake, nami nilisimama mlangoni nikakusikia ukilisoma kwa sauti. Ni mara moja pekee niliyolisikia.

Fauzia wa kwa Uledi amelijulia wapi?

Sasa nakuambia aliyoyaandika Lusungu. Anasema aliniandikia barua kupitia sanduku lako la posta, mwaka hadi mwaka, na hakupata jibu hata moja. Anasema ana watoto watatu na Kabula, yule binti wa wafugaji ambaye ulikataa kumpelekea posa, wewe mjomba wa mwanangu. Anasema ulimwambia mpakani maneno yaliyotoka kwangu. Mimi sikukutuma neno lolote, Kaka. Ni maneno gani hayo?

Nimemwandikia tena, kwa neno jipya ambalo hulijui. Nimemwambia ile ya Februari haikutoka kwangu. Akauliza imetoka kwa nani. Sikumwambia. Anakuja na familia yake yote, watavuka mpaka tarehe ishirini Juni. Nimemwagiza apite kwako kwanza, nikamwambia wewe ndiye utakayemjibu.

Ukimdanganya nitajua, maana nitamuuliza neno kwa neno.

Enesi


Tunduma,
21 Juni 2013

Mdogo wangu Enesi,

Nakusalimu. Walifika jana saa nne asubuhi. Barua hii atakuletea Lusungu mwenyewe, pamoja na kifurushi.

Nilifungua mlango. Kabula alipiga magoti kunisalimu, kama wafanyavyo kwao, na nilipomwambia ainuke alikuwa ameshainuka. Lusungu alibaki amesimama.

"Ingia uketi, mwanangu."

"Nitaketi nikishasikia, Mjomba. Mama amesema una jibu langu."

Nikamwambia hapohapo kizingitini, watoto wakisikia. Nakuandikia wewe pia, kwa kuwa utamuuliza neno kwa neno.

Mwaka 2003, pale mpakani, nilimwambia hivi: "Mama yako amesema, ukivuka na mwanamke huyu, usimwite mama tena." Hukusema hivyo. Nilitaka arudi nyuma, na niliona neno langu halimtoshi, nikatumia lako. Akavuka. Barua ya kwanza ilipofika niliona kwamba nikikupa, utajua nilichosema kwa kinywa chako. Nikaamua kungoja hadi nipate namna ya kukueleza. Ikaja ya pili. Kila iliyokuja ilifanya ile ya kwanza iwe ngumu zaidi kuitoa.

Zipo kwenye kifurushi, kumi na moja. Sikuifungua hata moja. Barua ya mtu haifunguliwi. Nimewafundisha watoto hivyo shuleni kwa miaka thelathini na minne. Ile ya kompyuta haikuwa na bahasha. Ndivyo nilivyojiambia. Nilikwenda kwenye duka la intaneti karibu na forodha, nikamwomba mhudumu anifikishe penye sanduku lako, kisha nikaliandika jina la Katekista kwa kidole kimoja. Lilifunguka mara ya kwanza.

Nilitaka kujua tu kama ameandika. Lakini nikasoma kwamba anataka kuja kukuchukua ukaishi Mpika. Enesi, tangu wifi yako afariki, hakuna mtu mwingine anayeniandikia. Sisemi hivyo ili unihurumie. Nasema kwa sababu ndiyo sababu.

Lusungu alizihesabu barua mbele yangu. Akacheka kidogo, bila furaha.

"Kumi na moja, Mjomba?"

"Kumi na moja."

"Niliandika kumi na mbili."

Ya kumi na mbili sikuiona. Posta hupoteza barua. Jambo hilo hutokea. Nimeapa kwa jina la Mungu. Alinitazama kama nilivyokuwa nikiwatazama wanafunzi wanaosema daftari limeliwa na mbuzi. Hawakulala kwangu. Walilala kwenye nyumba ya wageni, na leo asubuhi amekuja peke yake kuchukua barua hii, gari likiunguruma.

Nikodemo


Ivuna,
18 Julai 2013

Kaka,

Shikamoo. Wamekaa kwangu karibu wiki nne. Vyumba vilijaa, mtoto mdogo alilala jikoni kwa kupenda mwenyewe. Kabula amejifunza kukoroga chumvi siku mbili tu na hakulalamikia mikono. Jana wameondoka.

Nilimuuliza Lusungu neno kwa neno. Ulisema kweli. Barua zote kumi na moja amenisomea yeye mwenyewe, nimekaa kitako, ingawa kusoma najua. Nyingine zilikuwa na picha. Mtoto wa kwanza nilimwona akiwa na mwezi mmoja, kisha nikainua macho nikamwona mlangoni akiwa na miaka minane anaomba maji. Sitakuandikia nilivyojisikia. Umeshazishika habari zangu za kutosha.

Kuhusu ile ya kumi na mbili, mimi nimemwambia Lusungu kwamba huenda ilipotea kweli. Akasema, "Na wewe unaamini hivyo, Mama?" Nikamwambia siamini. Labda ni kweli, Kaka. Lakini siwezi tena kukuamini kwa kutaka tu.

Mpika nitakwenda, baada ya msimu wa chumvi, nikae miezi miwili, kisha nirudi nyumbani kwangu. Nikiwa huko sitaandika kwa karatasi. Wewe unayekwenda kwenye maduka ya watu na kutumia kidole kimoja, itakubidi uwe na sanduku lako mwenyewe.

Nimezungumza na Fauzia akupokee darasani. Nilifikiri atakataa, baada ya jinsi ulivyolichafua jina lake. Alisema benchi lina nafasi, lakini utamwomba radhi kwanza, mbele ya darasa, kwa mdomo wala si kwa barua. Kalisti anakusubiri kwa hamu, anasema amechoka kuwa yeye wa kuchekwa peke yake.

Sunday anaondoka Tunduma kila Jumatano saa kumi na mbili asubuhi. Njoo naye. Utaketi benchi la mbele, nami nitaketi nyuma yako, nivione vidole vyako.

Enesi